Naanza mionzi ya titi Jumatatu: nikae na wenzangu benchini au nijitenge?

Mama_Manyoni

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa wote.

Mimi ni mama wa watoto wawili, natokea Manyoni. Nilikatwa titi la kushoto kwa saratani, nikapigwa dripu zote za dawa za saratani nikamaliza, na nywele zimeanza kuota tena. Sasa nimepewa rufaa ya mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nimeandikiwa wiki tatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Nimefikia kwa wifi yangu Mbagala.

Juzi niliitwa kupimwa na kuchorwa mistari. Nilikaa benchini tangu asubuhi, na yale niliyoyasikia pale ndiyo yaliyonileta hapa. Mama mmoja alinifunulia shingo yake, ngozi imekuwa nyeusi tii na inachubuka, akaniambia, "Na wewe wiki ya pili utakuwa hivi." Mwingine akasema mionzi inakausha damu yote. Wa tatu alikuwa na chupa kubwa ya maji, anakunywa bila kupumzika, akanisisitiza na mimi ninywe, eti usipojaza maji mashine inakuunguza ndani. Nilirudi nyumbani chakula hakipiti.

Wifi ananishauri nikae mwisho kabisa wa korido, nisizungumze na mtu, nikiitwa niingie, nikitoka niondoke. Lakini mimi ni mtu wa watu. Kule kwetu sijawahi kumwona mtu mwingine aliyekatwa titi, na siku ile benchini kwa mara ya kwanza nilijiona si peke yangu. Sasa sijui nifanye nini.

Na jingine. Jumamosi mume wangu anamleta mwanangu mdogo, ana mwaka na nusu. Jirani wa wifi amesema nikianza mionzi nisimguse, nitamwambukiza. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Naombeni mliopitia mniambie.

Cherehani_Tanga

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mimi ni fundi cherehani, niko hapa Tanga mjini, nami nilipigwa mionzi hapo hapo Ocean Road, titi la kulia.

Nianze na mtoto. Mguse, mpakate, lala naye. Mionzi unayokwenda kupigwa inatoka kwenye mashine, inapita, na mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini mwako cha kumdhuru mtu. Ni sawa na aliyepigwa eksirei, hakuna anayemkimbia akitoka. Huyo jirani huenda amesikia habari za wagonjwa wa tezi ya shingoni wanaomeza dawa ya ayodini yenye mionzi ndani yake. Hao ndio huambiwa wakae mbali na watoto kwa siku kadhaa. Wewe siye.

Ila nikuombe jambo moja: usimfunge mgongoni. Mbeleko fundo lake linakaa kifuani, pale pale mashine inapopiga, na mtoto wa mwaka na nusu anacheza huko nyuma, khanga inasugua kila anapojirusha. Tena mkono wa upande uliokatwa haufai kuinua mzigo mzito wa ghafla. Kaa chini, aje mwenyewe mapajani, upande wa kulia.

Sasa benchi. Wifi yako anakupenda, lakini usimsikilize katika hili. Kaa na wenzako. Kitu kimoja tu: kabla hujachukua neno la mtu, muulize kwanza, "Mama, wewe unatibiwa wapi mwilini?" Pale mmekaa benchi moja lakini hamuumwi ugonjwa mmoja. Huyo wa chupa ya maji nina hakika kubwa ni wa shingo ya kizazi. Hao huambiwa waingie kibofu kimejaa, kwa sababu kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni, usipigwe mionzi isiyo yake, na kila siku viungo vinakaa mahali pale pale. Wazee wa tezi dume nao mara nyingi ni hivyo hivyo. Kwake ni maagizo ya daktari, hakukudanganya, lakini si yako. Mwenzetu mmoja wa titi aliiga, akapanda juu ya kitanda mkono umeinuliwa, ameambiwa asitikisike, na mkojo umembana hadi machozi yanamtoka. Wewe kunywa maji ukiwa na kiu.

Na yule mama wa shingo nyeusi, yaelekea anatibiwa koo au mdomo. Dozi yake si yako na ngozi ya pale si ya kifua. Alichokuonyesha ni cha kweli kwake.

Kwenye benchi letu alikuwepo bibi mmoja wa Pemba anasuka ukili, hausemi mdomo ila mikono. Alikuwepo mwalimu mstaafu kutoka Songea. Alikuwepo na mzee wa Lindi, naye ni titi. Ndiyo, wanaume nao wanaugua, ni wachache mno lakini wapo, na yule mzee alikuwa anaona haya hata kusema. Bibi wa Pemba ndiye aliyemsogezea nafasi akamwambia, "Kaa hapa baba, sote tumekuja kwa hilo hilo." Tangu siku hiyo alikaa katikati yetu.

Nikueleze tulivyosaidiana, maana huruma peke yake haitoshi. Mwalimu alikuwa na daftari. Kabla ya siku ya kuonana na daktari anatuuliza mmoja mmoja, "Una swali gani?" anaandika, na ukiingia unampa daktari ile karatasi. Wengi wetu tukiona koti jeupe maneno yanapotea. Pili, tulikuwa tunakaguana ngozi. Wewe mwenyewe huoni vizuri chini ya kwapa wala pale nyuma karibu na mgongo, na ndipo ngozi inapoanza kuchubuka, kwenye mikunjo na kwenye msuguano. Tunaingia wawili chumba cha kubadilishia nguo, mmoja anainua mkono, mwenzake anaangalia. Akiona pamelowa au pametoa malengelenge, anakusindikiza mpaka kwa nesi. Wa Pemba hakuwa anasema kuwa anaumwa, angekaa nayo vile vile.

Na tulikubaliana kwamba mgeni haambiwi "utakuwa hivi." Anaambiwa "mimi nilikuwa hivi, na wewe kaulize." Nenda na sheria hiyo, uwape na hao wenzako.

Mavazi, hapa ndipo kazini kwangu. Usivae dera. Najua ndilo jepesi, lakini dera ili utoe kifua lazima ulivue lote, ubaki hivyo mbele ya watu kila siku. Vaa sketi na blauzi pana ya pamba yenye vifungo mbele, uwe na khanga ya kujifunika ukisubiri. Sidiria ya waya iache sandukuni, vaa singlendi ya pamba iliyochakaa kidogo, igeuze nje ndani ili mshono usiguse ngozi. Kama una titi la bandia la kushindilia, pumzisha mpaka ngozi ipone. Kuna mwenzetu alikuwa anatushonea vijifuko vya kitambaa laini vilivyojazwa sufi, vyepesi sana, lakini hata hivyo tulivivaa baada ya kumaliza.

Kuoga, oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Dodoki weka pembeni, usisugue, na hiyo mistari ya wino usiifute, ndiyo ramani ya wale wataalamu. Ikififia waambie waichore wao, usijichoree mwenyewe kwa peni. Shubiri, mlonge, mafuta ya nazi, chochote utakacholetewa benchini kwa nia njema, usipake kabla hujamwonyesha nesi.

Mtaalamu_Chumba_cha_Mashine

Dada Cherehani amesema sehemu kubwa. Mimi kazi yangu ni ya tiba mionzi, niongeze machache.

Mama Manyoni, utalala chali, mkono wa kushoto umeinuliwa juu ya kichwa na kushikiliwa na kifaa. Tutakupanga kufuata mistari, na huko kupanga ndiko kunakochukua muda mrefu. Kisha tunatoka. Hatujakutupa: tunakuona kwenye kamera na tunakusikia, ukitaka kitu sema. Mionzi yenyewe ni dakika chache na haiumi wakati inapigwa. Mashine itazunguka na kulia, haitakugusa.

Utakutana na mtu wa titi aliyeandikiwa wiki tano, usidhani wewe umepunjwa. Zamani kipimo cha kawaida kilikuwa grei 50 (grei ni kizio cha kupimia dozi ya mionzi), zikigawanywa kwa mara 25. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao START, uliotolewa mwaka 2008 na kufuatiliwa tena hadi 2013, ulionyesha kwamba grei 40 kwa mara 15 inadhibiti ugonjwa sawa sawa, na ngozi haiumii sana kama kwa kile kipimo cha zamani. Daktari huchagua kulingana na mgonjwa. Wagonjwa wa koo wengi hupata grei 66 hadi 70, ndiyo maana shingo ya yule mama iko vile.

Kama pia utapigwa juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani, unaweza kuhisi koo linakereketa ukimeza. Hupita. Na tafadhali lifahamu hili mapema: ngozi huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kumaliza, halafu ndipo inapoanza kupona. Watu wengi hurudi mikoani wakidhani wameharibikiwa, na wenzao wa benchi hawapo tena wa kuwauliza. Usiondoke bila namba ya simu ya kuuliza.

Mume_wa_Geita

Mke wangu alitibiwa titi kwa mionzi hospitali ya Bugando, Mwanza. Nawaandikia akina baba watakaosoma hapa. Uchovu wa mionzi si uvivu. Unakuja polepole, wiki ya mwisho mke wangu alikuwa anakaa kitako akimenya vitunguu, anaweka kisu chini, anapumzika, anaendelea. Kulala mchana hakukuuondoa. Kilichomsaidia kidogo ni kutembea jioni, si mbali, mpaka duka la pili na kurudi. Mimi nilichukua ndoo za maji na kuosha watoto, na sikungoja aniombe.

Na kuhusu benchi, zile namba za simu za akina mama aliokaa nao bado wanapigiana. Mimi naongea naye kila kitu, lakini yapo anayowaambia wao tu, na naona ni haki yake.

Mama_Manyoni

Mungu awabariki. Nimemsomea wifi yote, amelia, amesema Jumamosi mtoto atalala na mimi.

Dada Cherehani, niulize mawili. Mkono wa kushoto ukifika usawa wa sikio unagoma, unavuta kwapani. Siku ya kuchorwa nilivumilia kwa shida. Na la pili naogopa hata kuliandika. Nikizoeana na watu, halafu mmoja asije tena?

Cherehani_Tanga

Mkono kwanza. Simama umeukabili ukuta, weka vidole vya kushoto usawa wa kiuno, pandisha vidole polepole kama vinatembea mpaka panapovuta, kaa hapo ukipumua, shusha. Asubuhi na jioni. Usilazimishe mpaka maumivu, ila usiache. Kesho waambie pale hospitali, wakupeleke kwa mtu wa mazoezi ya viungo kabla ya Jumatatu, kwa sababu huo mkono lazima ukae juu bila kutetemeka. Ukiona umevimba, au pete na bangili zinabana, sema siku hiyo hiyo. Na wakitaka kukupima presha wape mkono wa kulia.

La pili sitakuficha. Yule mzee wa Lindi siku moja hakuja. Kesho yake hakuja. Mwalimu alipiga simu, akapokea binti yake. Tulikaa kimya, nami nilitaka kuinuka niende nikakae mwisho wa korido kama wifi yako alivyosema. Ilikuja hofu kwamba na mimi ndiyo hivyo. Halafu mwalimu akafungua daftari, akatuambia ugonjwa wa mzee ulikuwa umeshasambaa kwenye mifupa kabla hajaja Dar, mionzi aliyopigwa ilikuwa ya kumpunguzia maumivu, na mwenyewe alijua. Hakutuambia kwa sababu hakutaka tuogope. Ugonjwa wake na wangu vilianzia mahali pamoja lakini havikuwa na safari moja, na hilo nalo ni la kuuliza na siyo la kukisia.

Tulichanga, tukamtumia binti yake. Mimi kulia nililia, na hata sasa nikimkumbuka roho inauma. Lakini ungeniuliza kama ningependa nisingemjua, ningekujibu hapana. Wiki zile alicheka sana na sisi. Binti yake alituambia nyumbani hakuwa anazungumza na mtu kuhusu kifua chake mpaka alipokaa pale.

Kwa hiyo zoeana nao. Chukua namba zao, muulize kila mmoja anatoka wapi. Ukitishwa na jambo liandike, usilale nalo.

Sasa nitumie vipimo kwenye ujumbe wa faragha: mzunguko wa kifua, upana wa bega hadi bega, na mzunguko wa mkono wa kushoto hapo juu penye msuli, maana sitaki mkono wa blauzi ukubane. Nina pamba laini ya kahawia hapa dukani. Nitaikata kwapa pana upande wa kushoto, mshono nitauweka nje. Nikiipata namba ya wifi leo, Ijumaa naipakia basi la asubuhi, akaipokee stendi ya Magufuli pale Mbezi. Hela usitume.