Tupeane uzoefu: nani alikubeba Mlimani?

Wakuu, habari za leo.

Aliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haulizi maana ya kubebwa. Kwa wengine nieleze kidogo. Umefika chuo, kitanda hukupata, mwenzako aliyepata anakwambia, "Lete begi lako." Hapo umeshabebwa. Neno hili limenikaa moyoni wiki nzima kwa sababu binti yangu wa kwanza anaingia Mlimani Oktoba, na nimegundua sijawahi kumsimulia aliyenibeba mimi.

Nilifika 2004 kwa treni ya Kigoma. Tulishuka Stesheni alfajiri, honi ya meli inalia upande wa bandarini, mimi nina sanduku la bati na anwani ya mjomba ambaye kumbe alishahama. Kwenye foleni ya usajili mbele yangu alisimama kijana wa Mbeya, mwaka wa pili Uhandisi. Akaniuliza nalala wapi. Nikanyamaza. Usiku ule nililala bweni lake, Hall 2, mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu na yangu kwake. Nilihesabu ni wiki moja. Nikakaa mpaka nikamaliza.

Hakunidai hata kipande cha sabuni. UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia alikuwa anaamka saa nane usiku anachukua madaftari, anakwenda kupiga msuli kwenye vimbweta, yale madawati ya zege ya nje, kitanda chote kinabaki changu. Nilidhani ndivyo alivyozoea kusoma. Mwaka juzi tulikutana msibani, nikamkumbusha. Akasema, "Wewe ulikuwa na sapu mbili, mitihani ya kurudia, mwaka wa kwanza. Mmoja wetu ilibidi alale."

Leteni zenu. Nani alikubeba, kwa kitanda au kwa chochote?

*

Mama wa Ngamiani

Asante mleta mada. Mimi ni wa zamani, niliingia 1988. Vitanda kwetu havikuwa tatizo, bweni na chakula serikali ilikuwa inalipa. Nilibebwa kwa namna nyingine.

Mei 1990 chuo kilifungwa. Waliokuwepo wanakumbuka, tuliambiwa tuondoke, kila mtu na virago vyake. Mie nyumbani Tanga, mfukoni nauli haipo, na mama alikuwa ameshafariki. Rafiki yangu wa chumba, Mzaramo wa Magomeni, alinishika mkono akanipeleka kwao. Mama yake alikuwa anauza vitumbua barazani. Alinitazama, akatazama sanduku langu, akasema, "Karibu mwanangu, kesho saa kumi tunakanda." Basi.

Chuo kilifunguliwa mwaka uliofuata. Miezi yote ile niliamka saa kumi na kukanda unga na yule mama, na jioni ananiwashia kibatari nisome, maana alisema akili ikilala muda mrefu inaota kutu. Siku ya mahafali nilimvalisha joho langu, akakataa kulivua mpaka tulipofika Magomeni. Mwenyezi Mungu amrehemu. Sijafungua kitabu cha sheria mpaka leo bila kusikia harufu ya hiliki.

*

Mtoto wa Kigamboni

Mimi sikubebwa na mwanafunzi. Baba yangu alikuwa kuli bandarini.

Niliingia 2015, tulikaa Kigamboni, na kwa miaka mitatu nililala nyumbani. Natoka saa kumi na moja alfajiri, pantoni mpaka Magogoni, natembea kutafuta daladala ya kunisogeza, kisha nyingine ya kupanda mlima. Mwaka uliofuata mabasi ya mwendokasi yalipoanza nikapumua kidogo kwa upande wa Ubungo. Kipindi cha saa moja asubuhi pale Yombo, kwenye kumbi za mihadhara, mara nyingi nilifika shati limeshalowa.

Baba naye tulikuwa tunapanda pantoni moja. Yeye anashukia kazini, mimi naendelea. Hakuwahi kuniuliza matokeo, anauliza tu, "Umekula?" Siku moja mvua kubwa ilinizuia mjini, nikamfuata kazini ili turudi wote. Nikamkuta anapandisha magunia kwenye lori, gunia begani, hatua kwa hatua juu ya ubao. Umri wake ulikuwa umeshapita hamsini. Hakuniona. Nikarudi nyuma, nikamsubiri nje ya geti, na sikumwambia nilichokiona.

Tangu siku ile sikukosa kipindi. Nilipomaliza nilimwambia aache ile kazi. Alichukua mwaka mzima kukubali.

*

Mlezi Mstaafu

Nimesoma kwa makini, na nawaheshimu wote mlioandika. Lakini naomba niseme upande wa pili. Nimewahi kulea mabweni, si Mlimani, chuo kingine. Chumba cha wawili kikilala watu watano, jiko la umeme liko chini ya kitanda, waya umepita chini ya godoro, mlezi halali. Niliwahi kuamshwa usiku kwa moshi. Hakufa mtu, ila sitasahau. Kubebana kulikatazwa kwa sababu.

Tukumbuke pia chuo hiki kilianzaje. Oktoba 1961, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, tawi la Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mlimani kilihamia baadaye, na 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Watoto waliongezeka kuliko vitanda. Mabweni yaliyofunguliwa 2017, yale wanayoyaita hosteli za Magufuli, yalijengwa kulaza wanafunzi 3,840. Binti yako mleta mada aombe nafasi mapema, asianze kwa kutafuta wa kumbeba.

*

Mleta mada

Mzee shikamoo. Umesema kweli, na hilo la waya nalikumbuka hata chumbani kwetu. Ataomba mapema. Lakini yule kijana wa Mbeya sitaacha kumshukuru.

*

Nukta Nundu

Mimi sioni tangu nikiwa na miaka sita. Mlimani ni mlima kweli, siyo jina tu. Ngazi, mitaro, miteremko. Wiki ya kwanza nilihesabu ngazi kwa fimbo mpaka nikazijua kuliko wanaoona.

Kilichonishinda kilikuwa vitabu. Vya nukta nundu, maandishi tunayosoma kwa vidole, vilikuwa vichache, na kozi ya DS (masomo ya maendeleo) ilitaka kusoma mengi. Alijitokeza msichana mmoja wa darasani kwetu, akasema atakuwa ananisomea. Tulikaa kimbweta kile kile kila jioni baada ya alasiri. Yeye anasoma kwa sauti, mimi napiga kwenye mashine yangu. Alinisomea kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney chote, kile cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kile kilichotoka 1972 mwenyewe akiwa anafundisha hapo hapo Mlimani. Tulikuwa tunasimama katikati na kubishana. Wakati mwingine ngedere wanashuka mtini wanamnyang'anya ndizi, anawafukuza, anarudi kwenye mstari ule ule.

Siku tatu kabla ya mtihani wake mgumu kuliko yote bado alikuja kunisomea. Nikamwambia aende akasome yake. Akasema, "Nikikusomea wewe ndiyo naelewa." Sijui kama ilikuwa kweli au alinipa moyo. Alipata alama ya juu kuliko mimi, na nilifurahi kupita kiasi.

Sasa nafundisha sekondari. Sura yake siijui, lakini sauti yake nikiisikia popote duniani nitageuka.

*

Bahari Yetu

Kwa ufupi. Nilisoma sayansi ya viumbe wa majini, mafunzo kwa vitendo tulifanyia Kunduchi. Waliotubeba ni wavuvi. Tuliandika majina ya Kilatini, wao wanatuonyesha changu, tasi na pono, na wapi kila mmoja anajificha maji yakipwa. Mzee mmoja alinifundisha kutambua kasa jike kwa alama zake mchangani. Ripoti yangu ilisifiwa, nusu yake ni maneno ya yule mzee, na nilimtaja kwenye shukrani.

*

Fomu Siksi Mwaka Huu

Shikamooni wakubwa. Mimi nimechaguliwa, naingia Oktoba kama binti wa mleta mada. Nyumbani Songea, Dar sijawahi kufika. Nije na nini?

*

Mama wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Njoo na chandarua, ndoo yenye mfuniko, kufuli mbili, na nakala za vyeti vyako uziweke mbali na vyeti vyenyewe. Joto la huku si la Songea, acha blanketi zito nyumbani. Na siku utakayofika ukikuta mwenzako amekaa juu ya sanduku hajui aende wapi, muulize analala wapi.