Mjadala: Je, indeksi ya h inatosha kumpandisha cheo mtafiti wa homoni na umetaboli?

Hoja: kamati nyingi za vyuo vikuu humpima mtafiti wa kisukari, tezi au unene kwa idadi ya machapisho na indeksi ya h. Je, ni haki?

Daktari wa homoni: Si haki, na kasoro imo ndani ya hesabu yenyewe. Indeksi hii, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hupanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi; h ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h. Makala zilizonukuliwa mara 40, 22, 9, 6, 5, 5 na 2 hutoa h ya 5. Hiyo 40 ikiwa 4,000, h inabaki 5 vilevile! Aliyebadili tiba ya ugonjwa halipwi chochote zaidi. Tena anayechunguza uvimbe wa tezi za adrenali, ambao ni nadra, hawezi kunukuliwa kama wa kisukari aina ya 2, maana wanaoandika juu ya ugonjwa wake ni wachache.

Mkutubi wa tiba: Napinga kuitupa. Kamati isiyo na namba hurudi kwenye kujuana, na anayeumia ni kijana asiye na mtu wa kumsemea. Namba zisafishwe tu. Tumieni kitambulisho cha ORCID, namba ya pekee ya kila mtafiti yenye tarakimu 16, ili wenye majina yanayofanana wasichanganywe. Kisha tengeni miongozo ya tiba na mapitio (makala zinazofupisha tafiti za wengine) mbali na tafiti halisi, kwa sababu mwongozo wa kisukari hunukuliwa sana hata kama mtu aliandika aya moja tu. Kokotoeni h mbili: ya machapisho yote, na ya tafiti halisi peke yake. Pengo likiwa kubwa, hapo pana la kuuliza.

Mtakwimu: Tumuulize nani? Wapo wanaotaka alama apewe mwandishi wa kwanza na wa mwisho. Katika majaribio ya tiba, aliyekokotoa ukubwa wa sampuli mara nyingi amewekwa katikati. Ripoti ya jaribio la DCCT ya 1993, lililofuatilia wagonjwa 1,441 wa kisukari aina ya 1 kwa wastani wa miaka 6.5 na kuthibitisha kwamba kuibana sukari hulinda macho, figo na neva, ilitoka kwa jina la kundi zima la watafiti. Wa kwanza hapo ni nani?

Kinachonikera zaidi ni kukatakata utafiti mmoja. Watu 300 wanapimwa vitamini D mara moja. Makala ya kwanza inaihusisha na sukari, ya pili na lehemu, ya tatu na shinikizo la damu. Ukijaribu uhusiano 20 kwa kiwango cha 0.05 (yaani kukubali nafasi 5 kati ya 100 ya kudanganywa na bahati), hata kama hakuna wa kweli, tarajia mmoja ujitokeze kwa bahati. Huo ndio unaochapishwa. Someni sehemu ya mbinu: kipindi cha kuandikisha washiriki, idadi yao, wastani wa umri. Vikilingana vyote, huo ni utafiti mmoja, uhesabiwe mmoja.

Daktari wa homoni: Ongeza usajili wa majaribio. Je, jaribio lilisajiliwa kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa? Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inadai hivyo tangu 2005. Halafu linganisha tokeo kuu, yaani kipimo ambacho jaribio lilipangwa hasa kukiangalia. Likisajiliwa kuwa HbA1c ya wiki ya 24, kisha makala ikasifu sukari ya kufunga ya wiki ya 12, tokeo limebadilishwa. Si jambo dogo: HbA1c, kipimo cha damu, huakisi wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, ilhali sukari ya kufunga huyumba siku hadi siku.

Mkutubi wa tiba: Kwa makala 200 hakuna kamati itakayofanya hayo. Mtafiti achague tano na aeleze kwa kila moja alichofanya: alibuni, aliandikisha wagonjwa, alipima homoni, alichambua. ICMJE yenyewe inasema kuleta fedha pekee hakumfanyi mtu mwandishi.

Mtakwimu: Tano sawa, ila kamati iongeze mbili kwa bahati nasibu, maana hakuna atakayeleta iliyo dhaifu kwa hiari yake. Kwa hizo mbili aombwe mpango wa uchambuzi ulioandikwa kabla ya data kufunguliwa. Akiwa hana, makala ihesabiwe kama uchunguzi wa awali, hata ikiwa imenukuliwa mara 300.