Tulibusiana na kushikana tu, naye anatumia ARV: je, nina hatari?

Mleta mada, Mwanga, Kigoma
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mwezi uliopita nilikuwa faragha na dada ninayempenda. Tulibusiana na kushikana sehemu za siri kwa mikono, lakini hatukuingiliana. Baadaye alinieleza mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba anaishi na VVU na anatumia dawa za kufubaza. Tangu hapo kila asubuhi nautazama ulimi kwenye kioo, napapasa tezi za shingo, na koo likiwasha kidogo tu usingizi unapaa. Muuza duka la dawa amenishauri ninywe azithromaisini. Je, ninywe? Na nipime lini?

Muuguzi, Kasulu
Pole sana, ndugu yangu. VVU haviambukizwi kwa mate wala kwa mikono kugusa ngozi isiyo na jeraha. Ni lazima damu, shahawa au majimaji ya ukeni yenye virusi yafike kwenye utando laini wa mwili au kidonda kibichi. Isitoshe, mtu anayemeza dawa zake ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake hata wakijamiiana. Azithromaisini huua bakteria, haivigusi VVU kabisa, na kuinywa ovyo kunazalisha usugu wa bakteria kwa dawa, jambo linalotuumiza sana sisi tunaotibu. PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, lakini kwa tukio lako isingehitajika. Magonjwa kama kaswende na malengelenge ya sehemu za siri ndiyo yanayoweza kupita kwa kugusana, hasa penye kidonda. Ukiona kidonda, hata kisichouma, nenda kituo cha afya.

Mchangiaji, Ujiji
Nakubaliana na muuguzi. Ili moyo utulie, pima VVU na kaswende mara moja ikitimia miezi 3 tangu tukio, kisha uyapokee majibu, kwa maana kupima kila wiki kunakuongezea kihoro tu. Nakusihi pia, mdogo wangu, siri ya huyo dada isitoke kinywani mwako. Amekuamini kwa jambo zito, na wengi hapa mjini wamekimbiwa kwa kusema ukweli huohuo.

Mleta mada
Nashukuru sana. Dawa sitanunua. Siku yake ya kliniki ikifika nitaomba kumsindikiza, tumuulize daktari kuhusu kipimo chake cha wingi wa virusi.