Naomba ushauri: Hezbollah iandikweje bila kuficha upande mmoja?

Wakuu, naomba ushauri wa wanaohariri habari za kimataifa. Rasimu ya mwongozo wa uandishi imekwama kwenye Hezbollah, kundi la Lebanon lenye silaha ambalo pia ni chama cha siasa.

Ukiandika "magaidi" kwa sauti ya chombo chenyewe, umebeba uamuzi wa serikali ukaufanya wako, na serikali zenyewe hazikubaliani: Umoja wa Ulaya mwaka 2013 uliorodhesha tawi la kijeshi tu kuwa la kigaidi, Uingereza mwaka 2019 ikaorodhesha kundi zima. Ukiandika "wapigania ukombozi", umebeba sifa wanayojipa. Hapo rasimu inadai kutaja nani kaorodhesha, kitu gani, mwaka gani. Inatosha.

Ugumu hasa uko kwenye huduma za jamii. Kundi lina wabunge tangu 1992, lina hospitali, shule na taasisi ya ujenzi, Jihad al-Bina. Baada ya vita vya 2006 na Israel, lilizipa familia zilizobomolewa nyumba hadi dola 12,000 taslimu, za kodi na samani za mwaka mmoja. Ukiacha hayo, msomaji haelewi kwa nini linapigiwa kura. Ukiyaweka peke yake, na picha ya daktari akimpima mtoto, habari inageuka tangazo na silaha zinatoweka machoni.

Je, aya ya silaha mnaiweka wapi kwenye habari ya hospitali? Na picha za Al-Manar, televisheni ya kundi lenyewe: chanzo mnakiandika juu ya picha, au chini kwenye maelezo? Maelezo hukatwa picha ikianza kusambazwa, na hilo linanitia wasiwasi sana.