Ramani ya treni za chini ya ardhi London: inapatikana wapi, inasomwaje?

Mgeni_Njiani: Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anaenda London, atafikia karibu na stesheni ya Edgware Road. Ramani ya treni aitoe wapi, na aisomeje asipotee?

Baharia: Apakue PDF bure kwenye tovuti ya TfL (Transport for London, shirika la usafiri la jiji) na aihifadhi kwenye simu kabla ya kusafiri. Ila ajue ramani ile haifuati umbali halisi. Tangu mchoro wa Harry Beck, aliyeibuni, wa 1933 inaonyesha mpangilio wa stesheni tu. Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260, atembee! TfL wana ramani nyingine yenye dakika za kutembea kati ya stesheni. Aichukue na hiyo.

MamaSalha: Hapo Edgware Road awe makini sana. Ni stesheni mbili zenye jina moja: moja ya laini ya Bakerloo, rangi ya kahawia; nyingine ya laini za Circle, District na Hammersmith & City. Hazijaunganishwa chini, lazima atoke nje. Na asichanganye na Edgware, mwisho wa laini ya Northern, mbali huko kaskazini.

Kipanga: Northern, ile nyeusi, inagawanyika Camden Town. Rangi pekee haitoshi: asome kwenye ubao wa jukwaani stesheni ya mwisho, na kama treni inapitia Bank au Charing Cross, njia zake mbili za katikati ya jiji. Kama anaenda High Barnet, mwisho wa tawi lingine, kisha akapanda treni ya Edgware kimakosa, ashuke Camden Town abadilishe. Wikendi aangalie kwanza laini zilizofungwa kwa matengenezo, ramani ya kawaida haizionyeshi.