Je, filamu ya angani ya madumu na sufuria ipewe nafasi sawa tamashani?

Mleta mada, Kampala
Swali liko hivi. Filamu ya kubuni ya sayansi imeletwa tamashani. Chombo chake cha angani ni sufuria mbili zilizofunikizana, roboti wake ni dumu la lita 20. Ipewe nafasi sawa na nyingine, au kwanza kuwe na kiwango cha chini cha ufundi? Uganda Film Festival inaandaliwa na Tume ya Mawasiliano tangu 2013, kwa hiyo jambo hili linagusa chombo cha umma. Mimi nasema kiwango kiwepo. Mwaka 2010 mtengenezaji filamu Nabwana na wenzake wa Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, walitoa *Who Killed Captain Alex?* kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, ikazunguka dunia, na walistahili. Lakini ile ni filamu ya mapigano. Kwenye sayansi, mtazamaji asipoamini kwamba chombo kinaruka, hadithi imekufa hapo hapo. Tusiwazoeze vijana kwamba ubovu ndio mtindo wetu.

Fundi wa vifaa, Jinja
Mzee, dumu lenyewe halina kosa. Kosa ni rangi kubanduka katikati ya tukio. Plastiki ya dumu la njano haishiki rangi. Lioshe kwa sabuni ya unga, likauke, lisugue kwa msasa namba 240 mpaka mng'ao uishe. Kisha pitisha ulimi wa moto wa gesi juu yake haraka haraka bila kusimama mahali pamoja, nje ya nyumba. Nyunyizia maji: yakitandaa, umefaulu, yakijikusanya matone, rudia. Ndipo upulize rangi ya kijivu isiyong'aa, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Tabaka moja nene litachuruzika na kubanduka kama ngozi ya mjusi. Na dumu lililowahi kubeba petroli usilisogeze karibu na moto, hata likioshwa wiki nzima.

Viwiko na magoti vikatwe kwenye soli za malapa. Zinapinda bila kelele. Utamu wa filamu hizi uko hapo. Mtazamaji analijua dumu, amechotea maji tangu utotoni, halafu linasimama na kumgeuzia uso. Anashtuka kwa sababu analijua.

Mpiga picha, Mbarara
Nakubaliana na rangi isiyong'aa, na niongeze sababu. Wengi hukimbilia kumfunga roboti karatasi ya aluminiamu, kisha wanamsimamisha mbele ya kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukifuta baadaye ili iwekwe picha ya anga. Aluminiamu ni kioo: inaakisi kijani, na kompyuta ikifuta kijani inafuta na kifua cha roboti. Dumu likiachwa njano ni balaa lile lile, kwa sababu ndani ya njano kamera inasoma kijani kingi. Roboti wa njano kama huyo mpige picha mbele ya kitambaa cha bluu.

Kitambaa chenyewe kinyooshwe kwa pasi na kivutwe pembe zote, maana kila kunjo ni kivuli na kila kivuli ni kijani kingine. Mwigizaji akae mita 2 mbele yake. Kitambaa kiwe na taa zake mbili, moja kila upande, naye awe na zake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo weka fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Ukiacha simu ijichagulie, taa za LED zitaleta mistari inayopanda na kushuka. Haya yote hayadai pesa kubwa, ndiyo maana namuunga mkono mleta mada: asiyenyoosha kitambaa hakukosa bajeti, alikosa bidii.

Mwenye kibanda, Arua
Ndugu zangu, mnapima filamu ikiwa peke yake. Kwenye kibanda cha video haiji peke yake, VJ, yule msimulizi wa filamu, yuko juu yake anatafsiri, anatania, anamtetea shujaa. Hata *Captain Alex* wengi wameijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie. Watu wanavumilia ukingo wa kijani kwenye nywele za rubani. Wanachokimbia ni kutosikia kitu. Mtengenezaji akitaka kibanda kimbebe, atoe nakala mbili za sauti: moja kamili, nyingine ya muziki na milio tu bila maneno. Akileta moja, VJ akiongea inabidi ashushe kila kitu, na mlipuko unazama pamoja na mazungumzo.

Fundi wa sauti, Bombo
Asante, kaka wa Arua. Kiwango nakitaka, ila kiwe cha sauti. Kofia ya rubani huingia ukungu kwa pumzi, basi wanaweka ndani feni ya kompyuta kuukuu ya volti 12 na kuiendesha kwa betri ya volti 9. Ukungu unakwisha, lakini feni inanguruma mdomoni pa mwigizaji. Maneno ya ndani ya kofia lazima yarekodiwe upya baadaye, chumbani, blanketi nzito ikiwa nyuma ya msemaji, mvua ikiwa haipigi mabati. Kabla ya kuondoka kila eneo, rekodi sekunde 30 za ukimya wa pale pale. Bila hizo kila mkato wa sauti utasikika kama shimo.

Milio iko bure. Ben Burtt, fundi wa sauti wa *Star Wars*, alipata mlio wa bunduki za filamu hiyo kwa kugonga waya unaoshikilia mnara wa redio. Nanyi tafuteni waya wa chuma mrefu uliokazwa, bandikeni kinasa sauti kwenye ncha moja, gongeni ncha ya pili. Sauti nyembamba husafiri mbele kwenye waya na nzito hufuata, ndipo mnasikia ule "piuuu" unaoshuka. Waya wa mita 2 utatoa "tang" tu. Na usiguse waya wa umeme wala wa simu.

Mleta mada, Kampala
Haya, sauti nimewapa. Lakini sufuria ikipita kwenye uzi, inayumba kama sufuria. Hapo mnasemaje?

Mhariri, Gulu
Inayumba kwa sababu imepigwa kwa kasi ya kawaida. Kitu kidogo huanguka na kutikisika haraka mno kuonekana kikubwa. Kanuni yake: angalia sufuria ni ndogo mara ngapi kuliko chombo inachoigiza, tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, zidisha fremu za kila sekunde kwa jibu. Iliyo ndogo mara 16 inadai mara 4, yaani fremu 100 badala ya 25. Simu nyingi zina 120, inatosha. Piga juani saa nne asubuhi, kwa sababu kasi hiyo inakula mwanga na taa za umeme zitapepesa. Kihisi kidogo cha simu, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, hapa ni neema: karibu na mbali vyote vinaonekana wazi, na jicho linadhani kitu ni kikubwa. Moshi na maji yaepukeni. Tone la maji halipungui pamoja na chombo, litaonyesha kwamba ni sufuria.

Na kumbukeni *Primer*, filamu ya sayansi ya Marekani. Iligharimu takriban dola 7,000, ikapata tuzo kuu ya Sundance mwaka 2004, na mashine yake ya kurudisha wakati ni boksi tu. Kiwango cha picha kingewekwa kwa chombo kinachoruka, ile isingekuwa na cha kupimwa.

Mpiga picha, Mbarara
*Primer* ilipigwa kwa mkanda halisi wa filamu na mtu aliyepanga kila picha kabla ya kubonyeza. Sio mfano wa uzembe kuruhusiwa.

Mhariri, Gulu
Wala sikuutaja uzembe. Natetea umaskini wa vifaa.

Mleta mada, Kampala
Basi naondoa kiwango cha picha, nabakiza sharti moja: kivuli. Chombo kikitua bila kivuli ardhini, mtengenezaji hakufikiri, awe na milioni au awe na elfu kumi.

Fundi wa vifaa, Jinja
Hilo nalikubali, mzee. Kata boksi umbo la chombo, lishikwe juu ya mchanga, lipigwe saa ile ile uliyopiga sufuria ili jua liwe upande mmoja. Liandikwe kwenye masharti.