Re: Chakula cha barabarani Guangzhou na Saigon, kipi kinalika?

Kutoka Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Baada ya Idi nakwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo wa vitambaa, kisha napitia Saigon, Vietnam, kwa mdogo wangu anayesoma huko. Nitakuwa na mke wangu na mtoto. Hatuli nguruwe, hatugusi pombe, na mtoto karanga zinamdhuru. Wenzangu hapa wananishauri nibebe mchele na jiko dogo la umeme. Nyinyi mlioko huko mwasemaje?

Kutoka Guangzhou

Wa alaykum salaam kaka. Jiko liache nyumbani. Utakula vizuri, ilimradi ujue cha kuuliza. Wageni wengi huuliza nyama tu, wakiambiwa haimo wanakula. Nguruwe wa hapa yumo zaidi kwenye mafuta na supu. Chapati za vitunguu vya majani zinazouzwa asubuhi mara nyingi zina mafuta yake, uji wa mchele huweza kupikwa kwa supu ya mifupa yake, na sahani ya mboga tupu huweza kukaangiwa humohumo. Kuku naye hurowekwa kwenye mvinyo wa kupikia. Kwa hiyo uliza mafuta: "You zhuyou ma?" Yaani, kuna mafuta ya nguruwe?

Hifadhi kwenye simu herufi hizi: 清真. Ndizo huandikwa kwenye migahawa ya Waislamu. Usitafute Kiarabu peke yake, maana mwaka 2019 migahawa ya Beijing iliamriwa kukiondoa kwenye vibao, na miji mingine imefanya hivyo pia.

Kitu cha kwanza kula ni tambi za Lanzhou. Mpishi anakanda donge mbele yako, analivuta kwa mikono, analikunja, analivuta tena hadi liwe nyuzi. Zinachemshwa kidogo tu, kisha zinatiwa supu nyepesi ya ng'ombe, figili nyeupe, kotmiri na pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta. Ingawa kibao kinasema Lanzhou, maduka mengi ya aina hii ni ya familia za Waislamu wa Hualong, mkoani Qinghai. Bakuli moja linamshibisha mtu mzima. Jina la Lanzhou peke yake halitoshi: tafuta zile herufi mbili, na ukiona bia kwenye friji, toka.

Ijumaa usikose msikiti wa Xianxian, karibu na Yuexiu Park, ambao wengi wetu tunauita wa Abi Waqqas. Nje huwa na soko la chakula. Waislamu wa kaskazini-magharibi huchoma mishkaki ya kondoo kwa bizari nyembamba na pilipili, na pembeni kuna mikate ya nang iliyotoka tanuuni. Moshi ule ukikupata, utadhani uko Forodhani. Mimi sijaona chakula cha barabarani kinachozidi hicho katika mji huu.

Kuhusu malipo, wenye vigari wamezoea kulipwa kwa simu, kupitia programu za Alipay na WeChat, na chenji ya noti ni shida. Tangu 2023 kadi ya Visa ya nje inaunganishwa kwenye Alipay, na malipo yasiyozidi yuani 200 hayakatwi ada. Jisajili kabla hujapanda ndege.

Kutoka Saigon

Kaka, huku vibao vya halali ni vichache, lakini kuna vibanda vilivyoandikwa "chay". Hicho ni chakula cha Mabudha kisicho na nyama, na hata mchuzi wa samaki hubadilishwa kwa soya. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo watu wengi hula chay, kwa hiyo vibanda huongezeka. Utapata tambi za mchele, na bánh mì, yaani mkate uliojazwa vitu ndani, ya tofu na uyoga.

Bánh mì ya kawaida iogope. Hata ukiagiza ya yai, mkate huweza kupakwa maini ya nguruwe yaliyosagwa. Mwambie muuzaji, "Không pa-tê, không thịt heo," usimame umtazame akitengeneza. Ukitaka nyama iliyochinjwa na Waislamu, anzia msikiti wa mtaa wa Đông Du, katikati ya mji, uliojengwa 1935, kisha waulize wanaoswali hapo.

Vitamu ndivyo vitakavyowafurahisha. Kuna chè, yaani kitamu kama uji, ya choroko na tui la nazi! Chuối nướng nayo ni ndizi mbivu iliyofunikwa wali wa kunata, ikafungwa jani la mgomba, ikachomwa, kisha ikamiminiwa tui zito. Sasa angalia: juu yake hunyunyizwa karanga zilizopondwa. Saladi na tambi baridi vivyo hivyo.

Kutoka Guangzhou

Niongeze hapo kwenye karanga, maana kwa mtoto hili ni kubwa kuliko nguruwe. Mkoa huu wa Guangdong hupikia sana mafuta ya karanga, majumbani na mitaani. Kuona sahani haina karanga hakutoshi. Kikaango kilekile hutumika kwa wateja wote, hivyo asile cha kukaanga barabarani kabisa. Dawa yake iwe mkobani mwa mama, isiwe kwenye sanduku. Chapisheni kadi hizi mbili, muonyeshe kabla ya kuagiza chochote:

我的孩子对花生过敏，花生油也不能吃。

Con tôi bị dị ứng đậu phộng, không ăn được dầu đậu phộng.

Zote zinasema mtoto wangu karanga zinamdhuru, hata mafuta yake hawezi kula. Muuzaji akisita kujibu, msinunue.